Mkunguru wa Bara: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Wapelelezi Waliopitia Bagamoyo

Kazi yangu ni kutembeza wageni Bagamoyo. Wanafunzi wa sekondari huja na maswali ya mtihani, Wazungu huuliza habari za simba, na wazee wa hapa hapa mjini huuliza kwa nini babu zao hawatajwi. Nimejibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa naandika, ili atakayekuja aanzie mbele kidogo.

Mkunguru ni nini?

Ni homa ya ugeni. Mtu akihamia mahali ambapo mwili wake haujapazoea, hulala siku kadhaa akitetemeka, kisha ama anainuka ama haamki tena. Neno ni letu la pwani, na Stanley, mmoja wa wapelelezi wa Kizungu, alilisikia mapema sana. Aliliandika "mukunguru", na kabla safari yake ya kwanza haijaisha alikuwa ameshaugua mara nyingi kupita alivyotaka kukiri.

Sehemu kubwa ya huo mkunguru, kwa tunavyojua leo, ilikuwa malaria. Wao hawakujua. Mpaka daktari Ronald Ross alipoonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mchukuzi, watu waliamini homa inatoka kwenye hewa mbaya ya vinamasi. Basi mtu alifunga hema kukwepa ukungu wa usiku, na mbu anaye humo humo ndani. Kwinini walikuwa nayo. Livingstone, mmisionari na mpelelezi, alichanganya vidonge vyake mwenyewe vya kwinini na dawa za kusafisha tumbo, akawa anawapa na wenzake. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa, na akaandika kwamba alijiona kama aliyehukumiwa kifo. Aliishi miaka sita zaidi, lakini mwili wake haukurudi tena kuwa ule wa mwanzo.

Jambo ambalo wageni wangu hulisahau ni kwamba mkunguru haukuchagua rangi. Mtu wa pwani akipanda milima ya Usagara alishikwa na baridi na vichomi. Mnyamwezi akishuka huku chini alishikwa na homa zetu. Ndui iliufuata msafara kama kivuli.

Hao wapelelezi ni akina nani hasa?

Nianze na neno. Leo mpelelezi ni askari kanzu anayetafuta mwizi. Vitabu vya historia tulivyosomea viliwaita hivyo Wazungu waliokuja kuchungulia bara, na mimi nadhani neno lilikaa mahali pake.

Waliopita upande huu ni hawa: Burton na Speke walioanzia Kaole, kusini kidogo ya mji, mwaka 1857. Speke akarudi na Grant mwaka 1860. Stanley alianza mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha tena Novemba 1874 katika safari iliyomtoa upande wa pili wa Afrika, mdomoni mwa mto Kongo, mwezi Agosti 1877. Cameron aliondoka hapa mwaka 1873 akatokea Benguela, Angola, mwishoni mwa 1875.

Sasa ongeza jina moja ambalo wanafunzi wangu hawalijui. Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alikamatwa utotoni akauzwa, akapelekwa Uhindi, na bwana wake alipofariki akapata uhuru na kurudi Unguja. Alikwenda na Burton na Speke. Akaenda na Speke na Grant. Akaenda na Stanley mwaka 1871. Akavuka bara zima na Cameron. Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha na pensheni, na alifariki mwaka 1885. Kila Mzungu katika hao aliiona njia mara moja, mbili au tatu. Bombay aliifuata mara nne. Ukiniuliza ni nani aliyeizoea dunia ile, nitakutajia huyo kwanza.

Kwa nini walianzia Bagamoyo na si bandari nyingine?

Kwa sababu wapagazi walikuwa hapa. Bandari yenyewe haifai kitu: maji ni mafupi, meli kubwa ilitia nanga mbali, na watu walibebwa mabegani mpaka mchangani. Hata Wajerumani waliishia kuhamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini Unguja iko ng'ambo pale, na Wanyamwezi walikuwa wameshazoea kuleta pembe za ndovu hapa wenyewe, kwa miguu, kabla Mzungu yeyote hajapata wazo la kwenda kwao. Njia ya Tabora haikugunduliwa. Ilikuwa imekanyagwa mpaka ikawa mfereji.

Mizigo yote ile ya nini? Si wangebeba pesa tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana hapa ndipo mgeni alipofaulu au kufeli kabla hajavuka hata mto Ruvu, ambao huku chini waliuita Kingani.

Bara pesa ya sarafu haikuwa na kazi. Kilichonunua chakula ni nguo, ushanga na waya wa shaba nyeupe. Nguo zilikuwa hasa za aina mbili. Kulikuwa na merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka viwanda vya Marekani, na kulikuwa na kaniki, ya buluu iliyoiva karibu kuwa nyeusi, kutoka Uhindi. Zilipimwa kwa shuka, yaani yadi mbili, na kwa doti, yadi nne. Mama yangu akienda dukani hadi leo hununua khanga kwa doti, na hajui kwamba anatumia kipimo cha msafara.

Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi, na hapo hujaweka mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mnyamwezi aliubeba begani, mtu wa pwani kichwani. Stanley mwaka 1871 aliondoka na watu zaidi ya 190 na mizigo ya tani kama sita. Ilibidi awagawe katika misafara mitano, wa kwanza ukitoka Februari na wa kwake mwenyewe tarehe 21 Machi.

Tatizo lilikuwa ushanga. Burton alihesabu kwamba kulikuwa na aina kama 400, na kila nchi ilikuwa na wake. Ule mwekundu wa samesame ulipendwa mahali fulani, ukivuka mlima mmoja hawautaki, wanataka mweusi au mweupe. Na mitindo ilibadilika. Mwanamke wa Ugogo wa mwaka huu hakutaka alichovaa dada yake mwaka juzi, kama vile leo huwezi kumuuzia binti wa hapa Dunda kitenge kilichopitwa. Mgeni aliyenunua ushanga kwa kusoma kitabu cha mwenzake aliyetangulia miaka mitano alijikuta amebebesha watu kilo mia kadhaa za vitu visivyonunua hata yai. Ilibidi aende kwenye maduka ya Wahindi na Waarabu hapa na Unguja, aulize waliorudi wiki ile.

Hata merikani haikuwa ya kuaminika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani mwaka 1861, pamba ile ikaadimika na nguo za Uhindi na Uingereza zikachukua nafasi. Watu wanapigana ng'ambo ya bahari, bei ya mtama inayumba huku.

Kwa nini hawakutumia punda au farasi?

Walijaribu. Mbung'o waliwamaliza. Stanley alitoka hapa na farasi wawili na wakafa wote mapema. Punda walivumilia kidogo zaidi, lakini punda hana adabu ya kuvuka tope, na mwisho mzigo wake ukarudi kichwani kwa binadamu.

Walikula nini njiani?

Ugali wa mtama au uwele, mihogo, kunde, asali ikipatikana, nyama siku ambayo bunduki imebahatika. Kila mtu alipewa kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha nguo akanunue mwenyewe. Hiyo ndiyo posho. Siku hizi ukiitaja posho, watu hufikiria semina na bahasha. Wakati ule ilikuwa uhai: posho ikichelewa siku mbili, asubuhi ya tatu hesabu ya watu haitimii.

Wapagazi walikula kwa makundi, watu wachache kwa chungu kimoja, na chungu hicho ndicho kilichomwokoa mgonjwa. Mwenye homa ana wenzake wa chungu wa kumchotea maji na kumbebea mkeka. Mzungu alikula peke yake mezani. Akiugua, alimtegemea mpishi.

Niliwahi kutembea na vijana wa chuo, siku mbili tu, kuelekea upande wa Kikoka, wakitaka kuonja maisha ya msafara. Kila mmoja alibeba biskuti zake. Jioni ya kwanza mmoja akaharisha, na hakuna aliyejua ana maji kiasi gani kwenye begi. Kesho yake nikawalazimisha wapike sufuria moja. Waliokuwa hawasemezani wakaanza kutaniana.

Walipataje maji katika nchi kavu?

Kulikuwa na namna ya mwendo iliyoitwa terekeza. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Palipokuwa na jangwa mbele, mambo yaligeuzwa: watu walipika na kula asubuhi hapo hapo penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakaenda mpaka usiku, wakalala pakavu bila kupika, kisha alfajiri wakaendelea mpaka kisima cha pili. Hivyo kati ya maji na maji hukupoteza ila usiku mmoja na nusu siku mbili.

Ngazi ngumu ya kwanza ilikuwa Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa. Marenga ni maji kwa lugha za huko, na mkali ni mkali, maana maji yenyewe yaliyokuwepo yalikuwa ya chumvi. Mgeni aliyedharau terekeza, akataka kuondoka asubuhi kama siku nyingine kwa sababu ndivyo ratiba yake ilivyosema, alifika nusu ya njia jua la saa nane likiwa kichwani na vibuyu vitupu.

Hongo ilikuwa rushwa?

Hapana, na ninaomba walimu wa historia wanisaidie hapa. Leo hongo ni kosa la jinai. Wakati wa misafara ilikuwa ada ya kupita, inayotozwa na mtemi mwenye nchi. Ugogo ndiko ilikokuwa nzito zaidi, na wasafiri wote waliandika kwa uchungu jinsi walivyokaa siku tatu, nne, wakibishana juu ya doti ngapi.

Lakini jiweke upande wa Mgogo. Nchi yako ina mvua ya kubahatisha. Visima mmevichimba nyinyi, mtama mmeulima nyinyi. Anakuja mtu na watu mia mbili wenye kiu, wanakunywa kisima mpaka tope, wananunua nafaka mpaka bei inapanda kwa watoto wako, kisha anauliza kwa nini alipe. Mimi ningemtoza pia.

Waliopona Ugogo ni waliotuma mtu mwenye ulimi, akae chini ya mbuyu, anywe pombe aliyopewa, abishane bila haraka. Bombay alikuwa hodari wa kazi hiyo, ingawa mabwana zake walimlaumu kwamba anachelewesha.

Wakati gani ulikuwa mzuri wa kuondoka?

Kiangazi, baada ya masika. Wanyamwezi walilijua hilo na walipanga hivyo: kushuka pwani wakati wa ukavu, kurudi kwao kabla ya mvua za kulima. Ukimtaka mpagazi wa Kinyamwezi mwezi wa Novemba, unamshindania na jembe lake.

Stanley mwaka 1871 hakusubiri. Akaondoka Machi, masika yanaanza, akaingia bonde la Makata, karibu na Kilosa ya leo, likiwa limegeuka bahari. Watu walitembea majini siku nzima, punda wakazama topeni, yeye mwenyewe akashikwa na kuhara damu. Alifika Unyanyembe, nchi ya Tabora, mwishoni mwa Juni. Wazungu wawili alioondoka nao, Farquhar na Shaw, wote walikufa kabla ya safari kwisha.

Kiongozi wa njia alikuwa nani?

Kirangozi. Mara nyingi Mnyamwezi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, bendera mkononi. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia, hata awe nani, na aliyemtangulia alitozwa faini. Penye njia panda aliziba ile isiyo yake kwa tawi, ili walio nyuma wasipotee. Watoto wanaokwenda kuchanja kuni huku bado wanafanya hivyo.

Kwa nini wapagazi walitoroka?

Wasafiri waliandika kwamba ni uvivu na wizi. Baadhi yao kweli walichukua mshahara wa mwanzo wakayeyuka kabla ya Ruvu, sikatai. Lakini ukisoma kwa kutulia utaona utoro unafuata mambo yale yale: posho imekatwa, kuna ndui kambini, kuna vita mbele, msimu wa kulima umefika, au bwana amechapa watu viboko. Stanley alichapa, na hakuona haya kuliandika.

Kutoroka kulikuwa namna yao ya kupona. Mtu aliyeijua njia alijua pia ni wakati gani haifai kuendelea nayo, na mara kadhaa mtoro ndiye aliyekuwa na akili kuliko msafara mzima.

Vita viliwasumbua?

Sana, kwa sababu ramani ya nani ni rafiki wa nani ilibadilika kila mwaka. Mfano ni Mirambo. Stanley alipofika Tabora mwaka 1871, Waarabu wa pale walikuwa vitani na mtemi huyo aliyeziba njia ya Ujiji. Stanley akajiunga na Waarabu akidhani ni kazi ya siku chache. Wakashindwa vibaya. Ikambidi azunguke kusini, mbali, ili afike Ujiji, ambako ndiko alikompata Livingstone mwaka ule ule.

Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo ana kwa ana na wakachanjiana damu wakawa ndugu. Aliyeiendesha shughuli ile ni Manwa Sera, nahodha wa msafara wake. Nadhani hapo Stanley alikuwa amejifunza kitu ambacho wapagazi walikuwa nacho siku zote: njia hailindwi na bunduki, inalindwa na ndugu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani mpaka leo, na wazee husema utani huo ulikua katika misafara. Mtani wako ukifia kwake, yeye ndiye anayekuzika. Ukifika na njaa, unaingia jikoni kwake bila kuomba. Hiyo ndiyo bima waliyokuwa nayo.

Wanawake walikuwemo?

Walikuwemo, wakipika, wakibeba, wakizaa njiani. Halima alikuwa mpishi wa Livingstone, naye Livingstone alimsifu kwa maandishi, kisha akaandamana na maiti yake mpaka Unguja. Aliyehariri shajara za Livingstone aliandika kwa masikitiko kwamba kifo cha bwana wake kilimwacha bila malipo kwa utumishi wake mrefu. Nishani ziligawiwa kwingine.

Na watumwa?

Siwezi kukupitisha pale Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, na kunyamaza juu ya hili. Njia waliyopita wapelelezi ndiyo waliyopitishwa watu waliofungwa. Baadhi ya wapagazi wenyewe walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na wapelelezi waliokuja wakiupinga utumwa walilala kwenye nyumba za wafanyabiashara wa watumwa na kula chakula chao, kwa sababu bila hao hakuna njia. Biashara ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873, na kwa siri ikaendelea. Misheni ya Wakatoliki hapa, iliyoanza mwaka 1868, ilijenga kijiji cha waliokombolewa.

Ni safari gani iliyokuwa ngumu kuliko zote?

Kwangu mimi ni ile ambayo mwenyewe hakuwa hai.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, na Jacob Wainwright akiwa mwandishi, wakakata shauri wenyewe. Hakuna aliyewaagiza. Wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua kuelekea pwani.

Fikiria hatari yenyewe. Nchi nyingi za njiani hazikuruhusu maiti ipite, ni nuksi. Tabora walimkuta Cameron, Oktoba 1873, akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mbele zaidi, kijiji kimoja kikawazuia kabisa. Wakafanya hila: wakafunga mabua kama maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo kwa huzuni zote kana kwamba wanakwenda kuizika, na njiani wakayatupa mabua porini. Mwili wa kweli wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida wa msafara, ukapita mbele ya macho ya watu.

Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa. Mwili ulilazwa kwenye mnara wa kanisa la misheni, ule mnara ungalipo, kisha ukavushwa Unguja na kwenda London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Wainwright alisafiri nao. Wengi wa wale waliobeba walilipwa wakatawanyika katika vichochoro vya mji huu na vya Unguja.

Bagamoyo maana yake ni "bwaga moyo"?

Hivyo ndivyo tulivyolelewa kusema, na kuna tafsiri mbili zinazogombana. Ya kwanza ni ya mtumwa anayeuacha moyo wake bara kwa kuwa hatarudi. Ya pili ni ya mpagazi aliyefika baharini, anatua mzigo na roho inatulia. Wageni huipenda ya kwanza. Mimi naelemea ya pili, kwa sababu wapagazi walikuwa maelfu kwa maelfu kila mwaka, na mtu hupewa nafasi ya kutunga wimbo wa mji anaoufurahia. Ukikaa na wazee wa hapa utapata ya tatu na ya nne.

Kuna yeyote aliyenusurika bara akaja kudhurika hapa mjini?

Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana. Alikaa miaka mingi kusini ya Sudan akiwa amezingirwa na vita, Stanley akaenda kumtoa, wakatembea mpaka Bagamoyo na kufika tarehe 4 Desemba 1889. Wajerumani wakawaandalia karamu ghorofani. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akatoka mahali palipokuwa wazi akaanguka chini, akaumia kichwa vibaya. Akapona, lakini baada ya kuuguzwa muda mrefu.

Tanga je?

Watu wa Tanga hunisuta kwamba nawasahau. Burton na Speke walipita Tanga na Pangani mwanzoni mwa 1857, kabla ya safari kubwa, wakapanda Usambara mpaka Fuga kujizoeza. Wakarudi na homa. Kwa hiyo mkunguru wao wa kwanza ni wa Tanga, tuwape haki yao.

Misafara ilikufa lini?

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, mwendo wa miezi mitatu ukawa wa siku chache. Reli ilianzia Dar es Salaam, na Bagamoyo ikalala usingizi. Ila nchi ilikuwa imeshageuka kabla ya reli. Sotoka ilifyeka ng'ombe miaka ya 1890. Funza aliletwa Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, akasafiri kwenye nyayo za watu hao hao wa misafara mpaka akatufikia pwani mwisho wa karne. Mzee aliyekuwa mpagazi hodari mwaka 1870 angeulizwa njia mwaka 1895, nusu ya anayoyajua yangekuwa hayapo.

Nikija, nianzie wapi?

Anzia Kaole asubuhi, si mjini. Kuna msikiti na makaburi ya karne nyingi kabla ya Burton, na ni hapo utakapoona jinsi bahari ilivyorudi nyuma na mikoko kuota palipokuwa na majahazi. Kisha njoo misheni uone mnara na makumbusho, halafu Mji Mkongwe kwa miguu mpaka Caravanserai. Jioni shuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Utaona mashua zimelala mchangani ubavu, na wachukuzi wanatoka humo wakiwa na magunia mabegani, maji magotini. Ukitaka kupiga picha, waombe kwanza. Wakikuambia ulipe, lipa.